Ndugu wanasema nisimwambie mgonjwa. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya wilaya. Mama wa miaka 52 amelazwa kwa kutokwa damu, na majibu ya kinyama (kipande kilichokatwa kwenda kupimwa) yamerudi: saratani ya mlango wa kizazi. Mwanawe amenivuta pembeni: "Dokta, usimwambie mama, presha itampanda." Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Usigombane na huyo kijana. Muulize anaogopa nini hasa, kisha mweleze kuwa mama akikuuliza hutamdanganya. Huwezi kumpeleka mtu kwenye mionzi bila yeye kujua anatibiwa nini.

Tafuta chumba chenye mlango, zima simu, keti. Usianze na majibu, anza na yeye: "Mama, walipokukata kinyama walikuambia wanatafuta nini?" Wengi huwa wameshahisi. Kisha: "Majibu ninayo. Nikueleze wewe mwenyewe? Ungependa nani awepo?" Akisema aelezwe mwanawe, huo nao ni uamuzi wake.

Utaratibu huu umo katika mwongozo wa SPIKES wa kumpa mgonjwa habari mbaya, wenye hatua 6, ambao Walter Baile, Robert Buckman na wenzao waliuchapisha mwaka 2000. Ni mzuri, ila hautakuonya kuhusu mitego ya Kiswahili chetu. Ukisema "uvimbe", mgonjwa anasikia jipu. Niliwahi kumwambia mzee mmoja "umefika hatua ya tatu", akatabasamu na kunishukuru. Alidhani matibabu yanapiga hatua! Tangu siku hiyo nasema ugonjwa umesambaa hadi wapi, na namwonyesha kwa mkono.

Kwa hiyo: "Mama, majibu si mazuri." Subiri kidogo. "Kinyama kimeonyesha saratani." Halafu nyamaza. Nusu dakika itakuwa ndefu kama mwaka, na ulimi utakuwasha utaje dawa, mashine, rufaa. Uzuie, kwa sasa hasikii. Akilia, "pole mama" inatosha. Usimwahidi kupona. Akimtaja Mungu yeye, mwitikie.

Akishatulia atakuuliza, "Sasa?" Jibu hilo uwe nalo kabla hujaingia. Ongea mapema na bingwa, ujue kama ni upasuaji au mionzi, na kama anakwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, barua iwe imeandikwa na tarehe ipo.

Kesho, kabla ya raundi, mpitie tena umuulize amekumbuka nini. Jiandae kurudia karibu yote.