Kukata Wi-Fi siyo kuzima redio

Ukibonyeza "Disconnect" kwenye laptopu, umeachana na ruta tu. Kadi ya Wi-Fi yenyewe, yaani redio ndogo ndani ya mashine inayotuma na kupokea mawimbi, bado iko macho. Inaendelea kupekua chaneli za 2.4 GHz na 5 GHz ikitafuta mitandao, na betri inalipia. Kama umeme umekatika na una kazi ya kumaliza, au hutaki masasisho ya Windows yakombe bando kila unapowasha hotspoti ya simu, zima redio kabisa.

Mimi natumia Linux zaidi. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika rfkill list. Utaona redio zote za mashine, Wi-Fi kivyake na Bluetooth kivyake, na chini ya kila moja mistari miwili: "Soft blocked" na "Hard blocked". Wa kwanza unaamuliwa na programu, wa pili na swichi au kitufe cha mashine. Ukiandika rfkill block wifi, ule wa kwanza unageuka "yes" na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, inainyamazisha. Kuiwasha tena ni rfkill unblock wifi. Kwenye Linux zinazotumia systemd (programu inayosimamia uwashaji na huduma za mfumo), hali hiyo hukumbukwa hata ukizima kompyuta na kuiwasha.

Mistari hiyo miwili imewaokolea watu pesa mbele ya macho yangu. Mtu analeta laptopu akisema kadi imekufa, na ameshaulizia bei ya adapta ya USB. Nikikuta "Hard blocked: yes", kitu cha kwanza ni kukagua ubavuni. ThinkPad nyingi za zamani zina kiswichi kidogo pembeni ambacho hata begi linaweza kukisukuma. Kikiwa kimezimwa, andika unblock mpaka asubuhi, kadi haitaamka. Kisukume kwa ukucha, rudia rfkill list, utaona "no".

Kwenye Windows, kuzima Wi-Fi kwa kitufe kilicho karibu na saa kunatosha kwa siku za kawaida. Ila Windows 10 inakuuliza iwake tena lini: baada ya saa 1, saa 4, siku 1, au mpaka uiwashe mwenyewe. Chagua hilo la mwisho. Kwa kompyuta ya ofisi inayotumia kebo muda wote, nashauri uende Device Manager, ubofye kadi kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague "Disable device". Hapo draiva imesimamishwa kazi, na mtumiaji asiye na haki za msimamizi hawezi kuirudisha.

Tafadhali sana: kama unaiendesha kompyuta kutoka mbali kupitia Wi-Fi hiyo hiyo, usiguse amri hizi. Utajifungia nje, na itabidi mtu aende mpaka ilipo.

Simu nazo zichunguze. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, kitufe cha Wi-Fi kwenye Control Center ya iPhone kinakata muunganisho tu, na saa 11 alfajiri simu inaanza kujiunga tena yenyewe. Kuzima kwa kweli kuko ndani ya Settings. Kwenye Android nyingi, hata Wi-Fi ikiwa imezimwa, simu inaweza kuendelea kupekua mitandao ili ijue ilipo. Zima "Wi-Fi scanning" kwenye mipangilio ya Location.