Bakteria wameonekana, wanatafuta nini tena?

SWALI: Fundi, salamu. Wifi yangu alijifungua kwa upasuaji, akaruhusiwa siku ya tatu. Siku ya sita alitetemeka kwa baridi, kesho yake akafa katika hospitali nyingine. Maiti ilipasuliwa baada ya siku nne. Damu iliotesha bakteria, lakini daktari anasema hilo halitoshi kuthibitisha sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi), amechukua vipande vya mapafu. Baba anaona tunaliwa pesa tu. Mazishi ni Jumamosi, Kitale.
— Wifi wa marehemu, Kayole

JIBU: Pole sana, mwanangu. Mimi nilikata vipande kama hivyo miaka mingi hapa Nairobi kabla ya kustaafu, kwa hiyo mpe mzee salamu zangu, umwambie hatapeliwi.

Mtu akifa, ukuta wa utumbo hulegea na bakteria wake huingia kwenye damu. Friji huwachelewesha, haiwazuii kabisa. Baada ya siku nne, nani ajue waliingia kabla ya roho kutoka au baadaye? Na macho mezani hayasaidii sana: wengu laini na mapafu mazito yenye maji utayakuta pia kwa waliokufa kwa mambo mengine.

Kwa hiyo daktari hamtafuti bakteria. Anatafuta alama za mwili uliopigana ukiwa hai. Mapafu yaliyo salama karibu hayana E-selektini, aina ya protini, kwenye mishipa yake. Maambukizi yakipiga kengele, mishipa huitoa, ikawa kama ndoano ya kunasa seli nyeupe za damu zinazopita. Seli hizo nazo huvaa VLA-4, protini nyingine ya kuzishikiza kwenye ukuta wa mshipa. Maiti haianzi kutengeneza vitu hivyo friji ikishafungwa.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kipande hulowa kwenye fomalini, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa chembamba kama maikroni 4, yaani elfu nne za milimita moja kwa milioni (ukipiga chafya umekipoteza, nilishakipoteza). Kisha hupakwa kingamwili inayoshika alama moja tu, pamoja na rangi. Palipo na alama huwa kahawia chini ya hadubini.

Lakini hakuna alama moja inayotosha. Ajali mbaya nayo huamsha baadhi yake. Ndiyo maana nataka mumuulize daktari maswali mawili. Je, alichukua pia kipande cha mfuko wa uzazi, penye kovu la upasuaji? Nina wasiwasi zaidi na hapo kuliko mapafu, kwani huenda ndipo moto ulipoanzia. Na damu ya kupima prokalsitonini (protini inayopanda kwenye damu maambukizi yakiwa makali), aliitoa kwenye mshipa wa paja kabla maiti haijatiwa dawa? Dawa ya kuhifadhi huharibu vipimo vya damu, na mochari nyingi huitia haraka.

Mpelekeeni pia karatasi za kliniki na za kuruhusiwa. Ile homa ya siku ya sita ni ushahidi kama kioo chochote cha hadubini.

Nendeni Kitale Jumamosi. Vibonge vya nta haviozi wala havinuki, vinakaa maabara miaka na miaka. Ila ombeni kwa maandishi visitupwe.