Mbwa Mkubwa Uwani, Mtoto Mchanga Ndani: Kazi za Kumaliza Kabla Mama Hajajifungua

Ujumbe wa wiki hii umetoka kwa baba mtarajiwa wa Kimara, Dar es Salaam. Mke wake yuko mwezi wa saba. Nyumbani wana German Shepherd dume wa miaka miwili, kilo karibu 40, mchana yuko bandani, usiku anaachiwa alinde. Anauliza kama amgawe sasa hivi au amwache, maana "mbwa mwenyewe mpole, atamzoea tu mtoto".

Asimgawe bado. Ila hilo la kuzoea lenyewe alifute kabisa. Mbwa ambaye hajawahi kuishi na mtoto mchanga hajui kwamba kile kinacholia ndani ya kanga ni mtu. Kinanukia maziwa, sauti yake nyembamba kama ya mnyama mdogo aliyekamatwa, kinarusha mikono ovyo, na kila mtu ndani ya nyumba anakikimbilia. Mbwa mwenye nguvu asiye na kazi atataka kukifikia, na si lazima awe mkali ndipo alete madhara. Kilo 40 zikimrukia kwa furaha mama aliyebeba mtoto, wote wawili wako chini, na sakafu zetu ni vigae na saruji. Miezi ya kwanza ogopa uzito kabla ya meno.

Miezi miwili inatosha kumwandaa kama kazi inaanza leo, na inaanzia kwa fundi wa kuchomelea.

Kinachotakiwa ni geti fupi la chuma kwenye mlango wa kutokea uwani, mara nyingi ule wa jikoni, na la pili kwenye korido kabla ya chumba cha mtoto ikiwa mbwa wako huwa anaingia ndani. Mlango wa mbao pekee hautoshi, kwa sababu hufunguliwa mara nyingi mno na siku moja utasahauliwa wazi. Kimo cha geti kisipungue mita 1. Mbwa wa ukubwa huo akiwa na hamu anavuka sentimita 75 bila hata kukimbia. Nondo zisimame wima, maana za kulala mtoto akifikisha mwaka atazikanyaga na kupanda. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 6, kichwa cha mtoto kisipenye wala kunasa. Komeo likae juu na lifungike kwa mkono mmoja, kwani mkono wa pili utakuwa na mtoto. Na hili ndilo mafundi wengi hukosea: geti lifungukie upande wa mbwa. Akilisukuma kwa kifua, uzito wake unalibana kwenye fremu. Likifungukia upande wa watu, siku komeo likilegea yeye ndiye anayelifungua. Simama hapo bawaba zinapochomelewa, usisubiri kuletewa kazi iliyokwisha.

Kila mara suala la geti likitajwa, watu hujibu kwamba mbwa wao ana upendo. Sawa, awe na upendo nyuma ya geti. Tena wapo wanaoona mtoto yuko salama kwa kuwa amelala ndani ya chandarua. Chandarua kinazuia mbu.

Baada ya geti ndipo tuje kwa mbwa mwenyewe. Mbwa wengi wa ulinzi hufungiwa kuanzia alfajiri hadi jioni, halafu nguvu zote za siku hutoka kwa mara moja saa moja usiku banda likifunguliwa. Ukitaka atulie, zipunguze kabla hajakutana na familia. Dakika 45 hadi saa nzima ya kutembea kabla ya jua kuchomoza, na nyingine jioni, akiwa kwenye kamba ya mita 2. Usimtembeze saa sita mchana: lami ya Dar saa hiyo inamuunguza nyayo, na mbwa mwenye manyoya mazito anaweza kuanguka kwa joto. Lakini kutembea pekee humjengea pumzi tu. Kichwa nacho kichoke. Chukua kiganja kimoja cha dagaa wakavu wasio na chumvi, watawanye kwenye majani au changarawe, mwache awanuse mmoja mmoja. Robo saa ya kunusa inamtuliza kuliko robo saa ya kukimbiza mpira, ambao humwacha akihema na kutafuta kitu kingine cha kukimbiza. Mnyororo usiutumie kama njia ya kumtuliza. Mbwa anayeshinda amefungwa anajifunza kurukia kila kinachopita mbele yake, na mtoto naye atapita.

Fundisho moja lina thamani kuliko mengine yote: kwenda mahali pake na kulala hapo. Tafuta gunia au mkeka mdogo, uwe wake peke yake. Siku mbili tatu za kwanza, kila akiukanyaga, dagaa mmoja anaangukia juu ya gunia, si mkononi mwako. Kisha subiri alale ndipo umpe. Kisha taja neno, "guniani", kabla hajaenda. Ongeza muda polepole: sekunde 5, 15, dakika 1, dakika 10. Kisha ongeza umbali wako, na mwisho vurugu: mtu apite na ndoo, mlango ubishwe hodi, wewe utembee umebeba kanga iliyokunjwa kifuani. Vipindi vitatu vya dakika 3 hadi 5 kwa siku vinatosha. Watu hukwama kwa sababu wanaongeza muda, umbali na vurugu kwa pamoja, mbwa anainuka, wanampigia kelele, na gunia linageuka mahali pa kukaripiwa. Akiinuka, umekwenda haraka. Rudi hatua moja.

Neno nalo liwe moja. Baba anasema "kaa", mama "keti", mlinzi anapiga mluzi, halafu mbwa anaitwa mkaidi. Andikeni maneno manne kwenye karatasi, yabandikwe jikoni: kaa, guniani, acha, njoo. Atakayeyatumia zaidi ni dada wa kazi, na hapa watu wengi hawafikirii. Mchana yeye ndiye anayebaki na mtoto. Kama anamwogopa mbwa, hesabu kwamba mchana hakuna msimamizi, na mbwa asivuke geti kuja upande wa watu hata dakika moja hadi wewe urudi kutoka kazini. Usimlazimishe kumzoea. Mwonyeshe geti na mpe mamlaka ya kukataa mbwa asitolewe, hata kama anayetaka kumtoa ni shemeji aliyekuja kutembea.

Sauti ya mtoto anayelia mchezeshee mbwa kwa simu wiki hizo hizo. Anza chini kabisa, sauti ambayo anageuza sikio tu na kuendelea kula dagaa. Ipande kidogo kila siku. Akiacha kula, akaganda, au akaanza kulia naye, umepandisha mno.

Ratiba ya chakula, kulala na kutembea ibadilishwe sasa hivi, si siku mtoto anapofika. Kama mbwa huwa analala sebuleni na hutamtaka huko, mwondoe leo. Na mama akijifungua kwa upasuaji, wiki 6 za mwanzo asishike kamba ya mbwa anayevuta. Nani atamtembeza? Jina la mtu lijulikane mapema.

Familia nyingi mama huenda kwao hadi arobaini iishe. Hiyo ni nafasi nzuri, ila isipite bure. Baba anayeleta nguo za mtoto zikanuswe anafanya jambo zuri dogo. Harufu inamtambulisha kitu kipya, haimfundishi adabu. Kinachosaidia zaidi ni kuendelea na gunia kila siku mama akiwa hayupo.

Siku ya kurudi, mbwa awe ametembezwa na kula. Mama aingie peke yake kwanza, mtoto akibaki na bibi kwenye gari au kwa jirani, amsalimie mbwa hadi furaha imwishie. Mbwa arudi bandani. Mtoto aingie ndani, nyumba itulie, na kukutana kusubiri hadi kesho yake. Kukutana kwenyewe kunahitaji watu wazima wawili: mmoja ana mtoto, mwingine ana kamba na hana kazi nyingine, simu ikiwa mfukoni. Umbali mita 4. Mtoto ashikwe kifuani, asiinuliwe juu, kwani mbwa hurukia kinachoinuliwa. Mbwa akimtazama mtoto kisha akageuka kumtazama mwenye kamba, apewe dagaa. Dakika 2 au 3, basi, imetosha. Kesho tena. Umbali unapungua kwa siku, na hakuna haja yoyote ya pua ya mbwa kugusa uso wa mtoto. Picha ya kuweka mtoto ubavuni mwa mbwa isikushawishi. Ni picha ya watu ambao siku hiyo walibahatika.

Mwenye kamba aangalie mwili wa mbwa. Kulamba midomo pasipo chakula, miayo pasipo usingizi, kugeuza kichwa pembeni, weupe wa jicho kuonekana: anasema amechoka, mwondoe kwa upole. Mdomo uliokuwa wazi ukifungwa ghafla na mwili ukaganda, ondoka naye papo hapo. Akinguruma usimpige. Ukimpiga kwa kunguruma unamnyang'anya onyo, na sababu iliyomfanya angurume inabaki palepale. Safari nyingine ataruka hatua ya kunguruma.

Wageni wa kumwona mtoto ndio mtihani. Watakuja kumi kwa siku, wengine na watoto wao, geti kubwa halifungwi. Mbwa abaki bandani na kufuli juu, maji na kivuli vikiwepo, mpaka wa mwisho aondoke. Kama atalazimika kuwa karibu na watu, mzoeshe mapema kikapu cha mdomoni cha kumzuia asiume, kile chenye matundu kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo ni cha dakika chache kwa daktari tu. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kwa joto letu kitamdhuru. Mlinzi naye asimwachie mbwa kwa saa ya mazoea. Amwachie akishaambiwa kwamba geti la jikoni limefungwa.

Afya nayo. Chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kabla mtoto hajazaliwa ikiwa mwaka umepita, na kadi itunzwe. Dawa ya minyoo kila miezi 3, na hapa kosa kubwa ni kipimo: vidonge vingi vya mbwa ni kimoja kwa kilo 10, kwa hiyo mbwa wa kilo 38 anahitaji vinne, si kimoja alichopewa tangu akiwa mdogo. Soma karatasi ya dawa yako. Mavi yazolewe kila siku. Mayai ya minyoo mviringo ya mbwa, ile mirefu kama tambi, yakitoka hayaambukizi papo hapo, huhitaji wiki kadhaa kwenye udongo kukomaa. Anayezoa kila siku anaukata mzunguko huo. Pampasi zilizotumika ziwekwe kwenye pipa lenye mfuniko wa kubana, kwani mbwa huzipenda, na akimeza, ile sehemu ya kufyonza huvimba na kuziba utumbo. Nguo za mtoto zilizoanikwa nje zipigwe pasi hadi kwenye mishono. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake wanapenda ngozi ya mbwa na ya mtoto vilevile.

Mbwa akimuuma mtoto au kumkwaruza hata kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo, chanjo ya mbwa iwepo au isiwepo. Usipake majani, chumvi wala mafuta. Mbwa asiuawe, afungiwe na daktari wa mifugo amwangalie siku 10, kwa sababu hali yake katika siku hizo huwaongoza madaktari wa mtoto.

Miezi 6 hadi 10, mtoto akianza kutambaa, kila kitu kinaanza upya. Mtoto aliyekuwa amelala sasa anamfuata mbwa, anashika mkia, anaelekea kwenye bakuli. Mbwa aliyekuwa salama miezi yote hiyo anaweza kunguruma siku hiyo kwa mara ya kwanza. Chakula na mifupa viishie bandani tu, mlango umefungwa, na bakuli liondolewe akimaliza. Mbwa awe na njia ya kuondoka. Aliyebanwa kwenye kona ndiye anayeuma. Mtu mzima akae pale ambapo mkono wake unawafikia wote wawili. Akienda kuangalia chungu jikoni, mmoja kati ya hao anaondoka naye.

Wapo mbwa ambao hawafai. Anayemkazia mtoto macho bila kupepesa, mwili mbele, hasikii jina lake wala haoni dagaa. Anayerukia kitanda kila mtoto akilia. Aliyekwisha kumrushia meno mtu wa nyumbani. Huyo usimjaribu mara ya pili. Afungiwe kabisa, daktari wa mifugo amkague, maana maumivu ya masikio au nyonga hugeuza tabia, na kama mwili ni mzima apelekwe kwa mtu mzima asiye na watoto, mwenye ukuta na banda. Mweleze ukweli wote kuhusu alichofanya. Mpe kadi ya chanjo, gunia lake, ile karatasi ya maneno manne, na chakula cha wiki mbili cha aina aliyozoea ili asiharishe akibadilishiwa ghafla.