Miezi tisa nimekwama chini ya chuma

Juzi Jumapili msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, tangu Oktoba sijasonga hata hatua moja. Nimechoka. Niuze kaptula zangu za dansi ya nguzo?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi yangu moja niliigeuza tambara la kudekia.

Kwa mliofika karibuni: nacheza dansi ya nguzo hapa Nairobi, mwaka wa tatu huu. Waingereza nguzo yenyewe huiandika p-o-l-e, na naapa waliazima kwetu, maana kila nikivaa sketi watu wakaona alama za zambarau mapajani, ninachosikia ni pole, pole sana, nani kakupiga?

Miezi minne ya kwanza ilikuwa asali. Kila wiki kitu kipya: kuzunguka, kupanda, kukaa juu mikono ikiwa hewani. Nikajiona nimezaliwa nayo. Hakuna aliyeniambia kwamba nguvu nyingi za mwanzo ni ubongo tu unaojifunza kuiamrisha misuli uliyokuwa nayo tangu zamani; misuli mipya huja baadaye, na kano hufuata nyuma kwa mwendo wa kobe. Januari tukafika kwenye kupinduka. Unashika chuma, unainua nyonga zipite kichwa, miguu inafunguka angani. Nikakwama hapo miezi tisa.

Tisa! Machi akaja msichana mmoja mgeni, wiki ya tatu akapinduka huku anatafuna chingamu. Nikampigia makofi, nikaenda chooni nikalia. Siku hiyohiyo mwalimu tuliyekuwa naye wakati ule alinitazama kuanzia kiunoni kushuka chini, akasema labda mwili wangu ni wa kuchezea sakafuni. Mengi ya mwaka ule nimeyasahau, lakini maneno hayo nayakumbuka na sauti yake. Kama unasoma hapa, mwalimu, hujambo.

Nikafanya wanalofanya wengi: nikaongeza. Siku mbili kwa wiki zikawa tano. Kiwiko cha kulia kikaanza kuuma hadi ugali nikawa namwomba mdogo wangu anisongee. Julai ikanimalizia kabisa. Mnaijua baridi ya Nairobi ya Julai. Chuma kinakuwa barafu, ngozi inakauka, hainati. Niliteleza nikaangukia bega. Wiki tatu bila mazoezi.

Nikashuka Mombasa kwa shangazi. Alikuwa ameshaziona video zangu, sijui nani alimwonyesha. "Mwanangu, mbona uchi uchi vile?" Nikamweleza kwamba zile nguo fupi ndizo breki, maana kinachoshika chuma ni ngozi, kitambaa kinateleza. Nikamwambia na kuhusu mallakhamb ya Maharashtra kule India, wanaume wanapanda nguzo ya mti iliyopakwa mafuta ya nyonyo, nao wamevaa bukta tu. Shangazi akafikiri kidogo. "Na mama zao wanajua?"

Jioni, kwa kukosa kazi, nikakaa barazani nikitazama video zangu zote za zamani, moja baada ya nyingine. Ndipo nikaona. Katika kila moja, kabla ya kuinuka, mguu wa kulia unapiga sakafu. Naruka! Miezi yote ile nilikuwa nafanya mazoezi ya kuruka. Tumbo halikuwahi kuitwa kazini hata siku moja, na mwalimu aliyepata muda wa kukagua umbo langu hakupata muda wa kutazama mguu wangu.

Niliporudi nilibadilisha mwalimu, na huyu akanianzisha kutoka mwisho. Alinisaidia kufika juu, miguu ikiwa tayari angani, kisha kazi yangu ikawa kushuka tu, nikihesabu hadi tano. Mara tatu kulia, mara tatu kushoto, siku mbili kwa wiki, basi. Wiki ya kwanza nilishuka kama gunia la viazi. Wiki ya nane, Jumamosi, nikainuka na visigino vikaiacha sakafu bila kelele. Hakuna aliyerekodi. Mwalimu alikuwa nje, anagombana na mtu wa maji kuhusu M-Pesa.

Sasa dada zangu, na kaka wawili watatu mnaonisoma kimyakimya, nisikilizeni. Pumzikeni. Siku ya kupumzika si uvivu. Ndipo mwili unapojenga. Jirekodini, na mjitazame kama mnavyomtazama mke wa kaka, bila huruma. Asubuhi ya mazoezi msipake losheni. Baridi ikiwepo, pasheni miili moto mpaka jasho litoke kidogo kabla ya kugusa chuma. Shukeni polepole. Aliyekuja jana akakupita, mpigie makofi. Hujui alicheza sarakasi miaka mingapi shuleni (yule wa chingamu, nilikuja kuambiwa, alicheza sita). Na anayewaambia mwili wenu ni wa sakafuni, mwondokeeni, ada yenu ina pa kwenda. Na shukeni polepole. Nimeshasema? Basi nimerudia.

Wewe wa kaptula: ile video uliyonitumia nimeitazama mara nne. Irudie, uisimamishe kwenye sekunde ya sita, uangalie kisigino cha kulia.