Ukitaka Kuandika Jicho la Hasidi, Lishushe Kutoka Mnarani

Vijana wanaoniletea hadithi zao hapa Lamu wanalipenda sana jicho kubwa. Liko juu ya mnara, linawaka moto, linaona dunia nzima, na shujaa anakimbia chini yake. Sishangai. Sauron, adui mkuu katika The Lord of the Rings ya mwandishi Mwingereza Tolkien, iliyotoka mwaka 1954 na 1955, amewafikia kwa filamu, na jicho lile linatisha kweli. Lakini nikimaliza kusoma huuliza swali moja: jicho hili linataka nini? Mara nyingi mwandishi hunyamaza.

Kama jicho linaona kila kitu, shujaa amekwisha tangu ukurasa wa kwanza. Watungaji wa kale walilijua hilo, ndiyo maana kila jicho walilipa upungufu wake. Argos, mlinzi katika visa vya Wagiriki, alikuwa na macho mia moja; machache yakilala, mengine yanakesha. Hermes, mjumbe wa miungu, hakumvamia. Alikaa naye, akampulizia filimbi ya matete na kumsimulia hadithi mpaka macho yote yakafumba, ndipo akamuua. Hera, mungu wa kike aliyemweka Argos alinde, akayachukua macho yale akapamba nayo mkia wa tausi. Balor, jitu la visa vya Ayalandi, aliweza kuliangamiza jeshi kwa kulitazama tu, lakini ukope wake ulikuwa mzito hata wanaume wanne wakahitajika kuuinua, na mjukuu wake Lugh akaliwahi jicho hilo kwa jiwe la kombeo. Naye Sauron anaitafuta pete yake iliyopotea, yenye nguvu zake, usiku na mchana, ila haimpitii akilini kwamba yupo mtu anayetaka kuiharibu. Hawezi kumwona asiyetamani anachokitamani yeye. Upofu huo naupenda kuliko mingine yote, kwa sababu unazaliwa na tamaa yenyewe.

Na hapo ndipo tulipo sisi. Jicho la kwetu halioni dunia nzima. Linaona kitu kimoja, na linakitaka: mtoto mnono, bibi harusi, chombo kipya kinachoshushwa majini. Mtu akisifu bila kusema Mashallah, mama humvuta mwanawe karibu. Mtume (S.A.W.) alisema kwamba jicho ni kweli, na Sura ya Falaq inamalizia kwa kuomba kinga na shari ya hasidi anapohusudu. Katika Sura ya Yusuf, Nabii Yaqub anawausia wanawe wasiingie mjini kwa mlango mmoja, na wafasiri wengi wamesema aliwahofia jicho. Hebu ifikirie hofu ya mzee yule: wanawe ni wazuri, ni wengi, na wataonekana pamoja. Hakuna mnara wala moto, na bado moyo unakwenda mbio.

Kwa hiyo nakushauri, jicho lako lisogeze karibu. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, ni vyembamba, nyumba zinatazamana. Liweke dirisha la pili, kwa mtu anayekuletea sahani ya futari kila Ramadhani.

Halafu usisahau jicho linalolinda, maana tunalo. Tazama jahazi za hapa: omoni, kulia na kushoto, kuna macho ya duara yaliyochongwa kwa mbao, mara nyingi yana nyota na mwezi ndani yake. Mitepe ya zamani, iliyoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, nayo ilichorwa macho. Wagiriki walitia macho ya marumaru kwenye merikebu zao za vita, na Wamisri wa kale walivaa jicho la mungu wao Horus kama hirizi. Hadithi inayokutanisha macho hayo mawili, la chombo na la anayekihusudu, bado sijaiona mezani kwangu, na ninaisubiri kwa hamu.

Wazee husema hasidi hana sababu, na kanga zimeandikwa hivyo. Barazani neno hilo linatosha. Kwenye hadithi halitoshi. Mpe hasidi wako sababu inayomuuma msomaji: mtoto aliyezikwa, posa iliyorudishwa, jahazi lililouzwa kulipa deni.

Hili la mwisho nalisema kwa uzito. Acheni kumpa jicho baya bibi kizee mwenye macho mekundu. Hapa jirani, katika Kaunti ya Kilifi, Malindi ikiwamo, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingine walioshiriki ni watu wa nyumba zao wenyewe. Macho huwa mekundu kwa moshi wa kuni, kwa maradhi na kwa umri. Kijana anayesoma kwamba kila kikongwe mwenye macho hayo ni mwanga anaweza kumtazama bibi yake vingine. Jicho la husuda mpe kijana mzuri, anayecheka, anayependwa na mtaa mzima. Atatisha zaidi, na hakuna mzee atakayelipa kwa hadithi yako.