Jibu: Boila ya miaka 14, nitengeneze au ninunue mpya?

Papa, umesema boila yako (tangi la umeme la kupasha maji) inavuja na maji yanatoka vuguvugu. Usitoe pesa bado. Kwanza tazama maji yanavujia wapi. Kama ni kwenye kiungo cha bomba au vali, hiyo ni kazi ndogo ya fundi. Maji kutoka vuguvugu pia si kifo cha boila: mara nyingi rezistansi (chuma cha ndani kinachopasha maji) imejaa chokaa au termostati (kidhibiti cha joto) imechoka, na zote hubadilishwa. (Zima umeme kabla ya kufungua!) Ila kutu ikitoboa tangi lenyewe, kwa umri huo, achana nalo. Ukinunua mpya, mwambie fundi akague fimbo ya magnesi iliyo ndani ya tangi kila baada ya miaka miwili hivi. Ndiyo inayoliwa na kutu badala ya tangi. Kwa umeme wetu wa Bukavu usiotegemeka, mimi ningechukua boila ya jua yenye rezistansi ya umeme ya akiba.