Niliposema Ninalala Saa Sita

Mara ya kwanza daktari wangu wa presha aliponiuliza, "Unalala saa ngapi?" nilimjibu bila kufikiri, "Saa sita, daktari," naye akaandika kwenye faili na kuendelea na swali la chumvi. Ilichukua miezi mitatu kabla hatujagundua kwamba hatukuelewana. Yeye aliandika kwamba ninalala kwa muda wa saa sita, kiasi ambacho hakiridhishi, lakini hakimshtui mtu anayetibu wafanyakazi wa maofisini kila siku. Mimi nilimaanisha kwamba ninapanda kitandani saa sita usiku. Walimu wetu wa Kiswahili walitukataza kabisa kusema "masaa", na nadhani siku ile nililipia utii wangu. Ninaishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, ofisi yetu iko Posta, katikati ya jiji, na ili niwahi daladala kabla foleni haijashika, simu ilikuwa ikiniamsha saa kumi na robo alfajiri. Usiku wangu mzima, kwa hiyo, ulikuwa na saa nne na dakika kumi na tano, siku tano kwa wiki, kwa karibu miaka tisa.

Sikwenda hospitali kwa sababu ya kuumwa. Wauguzi walikuja ofisini siku ya upimaji wa afya, wakaniambia nikae na kutulia kwa dakika tano, wakanifunga kitambaa cha mashine mkononi, na mashine ikasoma 156 kwa 98. Walipohamia mkono wa pili ikasoma 154 kwa 98. Nilikuwa na umri wa miaka 41, sivuti sigara, si mnene wa kutisha, na nilijihesabu kuwa mzima. Presha inayotakiwa kwa mtu mzima ni chini ya 120 kwa 80, na Shirika la Afya Duniani huanza kuiita presha shinikizo la juu la damu vipimo vinapofika 140 kwa 90 katika siku mbili tofauti. Wiki mbili baadaye vyangu vilikuwa vile vile, nikaanzishiwa kidonge kimoja kwa siku, na baada ya miezi mitatu presha ilikuwa imeshuka kidogo tu, pungufu ya daktari alivyotarajia.

Ndipo alipoamua nivae mashine ya kupima presha kwa saa 24. Ni kijisanduku kinachoning'inia kiunoni, chenye mrija unaopanda chini ya shati hadi kwenye kitambaa kilichofungwa juu ya kiwiko, na kila baada ya dakika 20 mchana, au 30 usiku, kitambaa hujaa upepo, hubana mkono, kisha hutoa pumzi taratibu kama mtu anayeguna. Mke wangu alikitazama akasema, "Baba Neema, hicho kidude kitatuamsha nyumba nzima." Hakikumwamsha mtu, kwa kuwa ilikuwa tarehe 19, kesho yake ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ritani, yaani taarifa, ya kodi ya ongezeko la thamani, na mimi kama mhasibu nilikuwa sebuleni na kompyuta yangu mpaka karibu saa sita.

Daktari alipoifungua chati, kalamu yake ilitua kwenye nukta moja. "Hapa saa tano na nusu usiku presha iko juu hivi. Ulikuwa unafanya nini?" Nikamwambia nilikuwa nikiandaa ritani. "Si uliniambia unalala saa sita?" Nikamjibu kwamba ndiyo, na wakati huo saa sita ilikuwa haijafika. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaanza kunihesabia kwa vidole kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na robo.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa umbo la mstari wenyewe. Kwa mtu mwenye afya, presha hushuka usiku kwa kati ya asilimia 10 na 20 ikilinganishwa na ya mchana, kisha huanza kupanda kuelekea alfajiri. Mtu anapozama katika usingizi mzito, mishipa ya fahamu inayouhimiza mwili kukimbia na kupambana hupunguza kazi, ile ya utulivu huchukua nafasi, mapigo ya moyo hupungua, na kuta za mishipa ya damu hulegea. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku na haujui likizo, kwa hiyo pumziko lake pekee ni saa hizo za kufanya kazi nyepesi. Mstari wangu ulikuwa tambarare karibu usiku kucha. Madaktari huiogopa hali hiyo, kwani watu ambao presha yao haishuki usiku hupatwa zaidi na kiharusi na maradhi ya moyo, hata wanapolingana na wenzao kwa vipimo vya mchana. Anayekesha huendelea kumwaga homoni za msongo, yaani adrenalini na kotisoli, wakati ambapo zingepaswa kupungua, mishipa hukakamaa, msuli wa moyo hunenepa kwa kusukuma dhidi ya ukinzani, na sukari na hamu ya kula nazo huvurugika. Sisi wahasibu tuna neno linalofaa hapa, nalo ni uchakavu: mtambo unaotumika bila kusimamishwa huendelea kutoa kazi vizuri tu, huku thamani yake ikipungua kila mwezi mahali ambapo mwendeshaji haoni.

Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kiliuongeza usingizi kwenye orodha yake ya mambo ya msingi ya kulinda moyo, ukakaa pamoja na chakula, mazoezi, kuacha tumbaku, uzito, presha, sukari na lehemu (kolesteroli), na kiwango walichokitaja kwa mtu mzima ni saa 7 hadi 9. Nilipolisoma hilo nilijitetea, kama wengi wanavyojitetea, kwamba mwili wangu umezoea. Utetezi huo ulivunjwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako watu waliolazwa kwa muda wa saa 6 kila usiku, kwa siku 14 mfululizo, walionekana kwenye majaribio ya umakini kuwa na hali ya kukaribia mtu aliyekesha usiku kucha, ilhali wenyewe walisema wanasikia usingizi kidogo tu. Nilikuwa nikisinzia kwenye daladala mpaka kondakta ananigonga bega, na bado nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mimi usingizi mwingi hauniingii.

Tuna neno "mlalahoi" kwa maskini aliyechoka kwa kazi ya sulubu, lakini siku hizi ukitaka kumwona mtu anayelala hoi kwa maana ya neno lenyewe, nenda kwenye ofisi yenye viyoyozi wiki ya kufunga hesabu. Tofauti ni kwamba huyu wa ofisini hujisifia. Kauli ya "jana tumekesha" hutamkwa kwetu kama cheo.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu kurudi nyuma, kwa kuwa alfajiri yangu haisogei na foleni ya Dar es Salaam haibembelezeki. Nikijivuta hadi saa kumi na nusu alfajiri, na nikitaka usingizi wa muda wa saa saba kamili, basi lazima niwe nimeshalala saa tatu na nusu usiku. Nyumbani ninafika saa mbili. Inabaki saa moja na nusu ya kuoga, kula na kukaa na watoto, na hakuna hata dakika moja ya kufungua kompyuta. Hapo niliona kwamba usiku wangu ulikuwa ukiharibiwa mchana, ofisini. Tulikuwa tukiacha ulinganisho wa hesabu za benki mpaka mwisho wa mwezi, kisha tunakimbizana na kodi ya mishahara ya tarehe 7, na wakuu wa idara walituletea risiti tarehe 18 huku ritani ikitakiwa tarehe 20. Nilimwomba meneja kwamba ulinganisho ufanywe kila Ijumaa na risiti zisipokelewe baada ya tarehe 12. Alinijibu kwamba hapa hatuna saa za kazi, tuna kazi. Nikaitandaza chati ile mezani kwake. Aliitazama kwa muda, kisha akavuta droo na kunionyesha vidonge vyake mwenyewe. Usiku wa kukesha kwangu ulikuwa kumi kwa mwezi. Sasa ni miwili, mara chache mitatu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mfanyakazi mwenzangu ni kwamba, kabla hujanunua godoro jipya au chai ya majani ya kuleta usingizi, utafute kazi gani inavuka na wewe kurudi nyumbani, na nani ana uwezo wa kuizuia ofisini. Mengine ni madogo ukishalimaliza hilo, ingawa nayo yana uzito wake. Nilikuwa nikinywa kikombe cha mwisho cha kahawa saa kumi na moja jioni, bila kujua kwamba nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya takriban saa tano, na kwamba kazi yake hasa ni kuziba milango ambayo ubongo hupokelea taarifa ya uchovu. Sasa sinywi baada ya saa sita mchana, na chai ya rangi naihesabu vile vile, kwani nayo ina kafeini. Vinywaji vya kuongeza nguvu mwenye presha asivikaribie. Bia humlaza mtu haraka kisha humwamsha saa nane usiku. Simu yangu inalala sebuleni, na kuniamsha ni kazi ya saa ya mezani niliyoinunua Kariakoo. Makundi ya ukoo na ya michango ya harusi yananisubiri mpaka asubuhi. Mechi za Ulaya zinazoanza saa nne au saa tano usiku nimeziacha, isipokuwa fainali, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kulala mpaka mchana siku ya Jumamosi hakukunisaidia. Nilijaribu kwa miezi kadhaa, na matokeo yalikuwa kwamba Jumapili usiku sikupata hata lepe la usingizi, nikaingia Jumatatu nikiwa hoi kuliko Ijumaa. Siku hizi mwisho wa wiki huwa napitisha saa moja tu baada ya muda wangu wa kawaida wa kuamka, kisha najinyoosha kwa dakika 20 baada ya chakula cha mchana, kama wazee wa pwani walivyofanya siku zote kabla sisi wa maofisini hatujaanza kuwaita wavivu.

Kuna jambo moja ambalo halitatuliwi kwa kuwahi kulala, na nimeliona kwa kaka yangu mkubwa. Yeye ni mkuu wa idara, analala saa tatu usiku kila siku, anatumia dawa tatu za presha, na presha ilikuwa haishuki. Aliyetuonyesha njia ni shemeji yangu: "Anakoroma mpaka paa linatikisika, halafu ananyamaza kabisa. Huwa namhesabia, mpaka namsukuma ndipo anavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini." Huko ni kukosa pumzi usingizini. Nyama za koo hulegea na kuziba njia ya hewa, oksijeni hushuka kwenye damu, ubongo hushtuka na kumwaga adrenalini ili mtu avute pumzi, presha hupaa, kisha mzunguko huanza upya, na kwa mwenye tatizo hili kwa kiwango kikali hutokea zaidi ya mara 30 kwa saa bila yeye kukumbuka lolote asubuhi. Mtu wa namna hiyo anaweza kukaa kitandani kwa muda wa saa nane na moyo wake ukawa umefanya kazi ngumu usiku kucha. Kaka alipimwa usiku mmoja akiwa amefungwa vipimo vya pumzi na oksijeni, na sasa analala na barakoa ya mashine inayosukuma hewa ili koo lisizibe. Ukiamka na kichwa kinachouma, ukisinzia kwenye vikao ingawa umelala muda wa kutosha, au mwenzako akikuambia kwamba unakoroma kisha unanyamaza, nenda kwa daktari pamoja na huyo mwenzako akaeleze, kwa sababu wewe shahidi hukuwepo.

Sisemi kwamba usingizi umeniponya. Kidonge changu cha asubuhi bado nakimeza, na sitakiacha kwa uamuzi wangu, maana nimewazika watu walioacha dawa wiki walipojisikia vizuri. Na maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa mkononi au kwenye taya, au kukatwa pumzi ghafla, yanahitaji hospitali usiku huo huo. Mtu asijiambie kwamba atalala yapite.

Ninaandika presha yangu kwenye daftari kila asubuhi kabla ya chai. Mwezi Machi wakaguzi walipokuja tulirudi kwenye saa tano za usingizi kwa siku tisa, na namba za juu za siku za mwisho zinasomeka 141, 138, 143. Wiki mbili baada ya wao kuondoka zinasomeka 129, 131, 128. Daftari la mtu mmoja si utafiti, na huenda wasiwasi wa ukaguzi ulichangia. Kwa vyovyote, nimeomba mhasibu wa ziada kwa wiki za ukaguzi ujao, na barua iko mezani kwa meneja, juu kidogo ya ile droo ya vidonge.